Kijiji cha watu 80 Ufaransa: meya ana madaraka gani hasa?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mfaransa. Tulikuwa tunaishi Lyon, sasa tumenunua nyumba kijijini kwao, mkoa wa Haute-Saône. Kijiji kina watu 80 hivi. Hakuna duka, hakuna shule, mkate unaletwa na gari. Lakini kuna meya na madiwani! Nikimuuliza mume wangu jambo lolote ananijibu "muulize meya": njia yetu iliyojaa matope, kuni za kupashia nyumba moto, hata karatasi za mama yangu atakapokuja kutusalimia. Huyu meya wa watu 80 ana madaraka gani? Fedha anapata wapi? Na mimi ambaye si raia nina nafasi gani hapo? Au ni cheo cha heshima tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa nyumba. Hapana, si cheo cha heshima. Kwa mujibu wa sheria, meya wenu ana wadhifa uleule wa meya wa mji mkubwa. Anachokosa ni watumishi na fedha. Amebeba mizigo miwili kwa pamoja. Wa kwanza ni wa kijiji: anatekeleza yale madiwani wanayoyapitisha. Wa pili ni wa dola: ndiye anayeandikisha vizazi na vifo, ndiye anayefungisha ndoa, ndiye anayesimamia kura, na sheria inamhesabu hata miongoni mwa maofisa wa polisi wa upelelezi. Mbwa akizurura barabarani, ukuta wa nyumba iliyoachwa ukitishia kuangukia wapita njia, maji ya kuzimia moto yakikosekana, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Kwa hiyo mume wako hakukwepi anaposema "muulize meya". Amekujibu kama mtu aliyezaliwa pale.

Utashangaa kwa nini kijiji kidogo hivyo kina serikali yake. Jibu liko kwenye Mapinduzi ya Ufaransa. Sheria ya tarehe 14 Desemba 1789 ilizipa parokia za zamani, vijiji vilivyojengwa kuzunguka kanisa, hadhi ya kujitawala, na hapo zikazaliwa komuni takriban 44,000; komuni ni kijiji au mji wenye madiwani na meya wake. Kisha sheria ya tarehe 5 Aprili 1884 ikaweka utaratibu mmoja kwa zote, ndogo kwa kubwa, na mifupa ya sheria ile bado imesimama. Leo komuni ni karibu 35,000, na zaidi ya nusu zina watu chini ya 500. Mkoa wenu peke yake una komuni zaidi ya 500, kwa hiyo majirani zenu wengi wana meya wa namna hiyohiyo.

Serikali kuu imejaribu mara kadhaa kuziunganisha. Sheria ya mwaka 1971 ilipita bila kuacha alama kubwa. Ile ya Desemba 2010 ya "komuni mpya" imefanya kazi zaidi, kwa sababu imeacha uamuzi mikononi mwa madiwani wenyewe na ikaambatana na vivutio vya fedha. Hata hivyo watu hawaachii kirahisi, na mimi nawaelewa. Ukitaka kuona komuni ni kitu gani kwa Mfaransa, nenda siku moja hadi Verdun, mkoa wa Meuse, safari ya saa chache kwa gari kutoka kwenu. Kuna vijiji sita vilivyosagwa na mizinga mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo havikujengwa tena na havina mkazi hata mmoja: Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Fleury, Haumont na Louvemont. Vyote sita bado ni komuni kamili. Kwa kuwa hakuna wapiga kura, meya wao anateuliwa na prefekti, yaani mwakilishi wa serikali kuu mkoani, naye anatunza kumbukumbu, mnara na mahali nyumba zilipokuwa. Dola ilikataa kuvifuta kwa sababu kufuta jina la kijiji kungekuwa kuwaua watu wake mara ya pili. Usikimbilie kudhani kwamba watu 80 ni wachache mno kwa serikali.

Sasa tuingie ndani. Komuni yenye watu chini ya 100 ina viti 7 vya madiwani. Wanachaguliwa kwa miaka sita, kisha wao wenyewe ndio wanaomchagua meya, kwa kura ya siri, katika kikao cha kwanza kinachoongozwa na diwani mwenye umri mkubwa kuliko wote. Kura zikilingana hadi raundi ya tatu, mkubwa kwa umri ndiye anayepita. Chini ya meya wanaweza kuwapo manaibu wawili. Hadi uchaguzi wa 2020, vijiji kama chenu vilipiga kura kwa majina: unachukua karatasi, unafuta kwa kalamu usiyemtaka, unaongeza mgombea mwingine unayemtaka. Kura zilihesabiwa hadharani, na jioni hiyohiyo mtu aliyejitolea miaka yote alijua ni majirani wangapi wamemchora mstari. Vidonda vya namna hiyo vilidumu. Sheria ya Mei 2025 imeufuta mtindo huo: kuanzia uchaguzi wa Machi 2026 hata vijiji vidogo vinapiga kura kwa orodha nzima, mwanamume na mwanamke wakipishana majina. Kwa komuni kama yenu orodha ya watu 5 inatosha. Nafurahi wanawake wameingia kwa haki, kwa maana vijijini walikuwa wachache sana mezani. Wasiwasi wangu ni kwamba pale penye orodha moja tu, mpiga kura hana tena la kuchagua.

Kitu kimoja usikibebe kutoka nyumbani: hakuna mkutano mkuu wa kijiji. Kwetu Tanzania watu wazima wote wanakaa chini ya mti au ukumbini, na mkutano ule ndio mamlaka ya juu ya kijiji. Huku madiwani ndio wanaoamua. Wewe unaruhusiwa kuingia na kusikiliza, kwa sababu vikao ni vya wazi, lakini huna neno mpaka meya asimamishe kikao na akuruhusu. Wengi wetu tunakosea hapo siku ya kwanza, tunanyanyua mkono na kuanza kuchangia, na ukumbi unanyamaza. Mwenye jambo amwendee diwani kabla ya kikao. Tangazo la kikao pamoja na ajenda hubandikwa angalau siku tatu kabla, na orodha ya maazimio hutolewa ndani ya wiki moja baada yake, kwenye ule ubao wa kioo ulio ukutani mwa ofisi ya meya. Jizoeze kuusoma kila unapopita kuchukua mkate. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ofisi yenyewe usitarajie ikufungulie kila siku. Katika vijiji vya namna hiyo hufunguliwa nusu siku moja au mbili kwa wiki. Utakuta chumba kimoja: meza, kabati la vitabu vya kumbukumbu vyenye majina ya ukoo wa mume wako kurudi nyuma vizazi na vizazi, picha ya rais, mara nyingi na sanamu ya Marianne, yule mwanamke anayeiwakilisha Jamhuri ya Ufaransa, na nyuma ya kompyuta mwanamke mmoja ambaye ndiye injini ya kila kitu. Huyo ni katibu wa ofisi ya meya. Anaandaa bajeti, anaandika maazimio, anapokea maombi ya vibali vya ujenzi, anajua kaburi la nani liko wapi. Mara nyingi anahudumia vijiji viwili, vitatu au zaidi, saa chache hapa na saa chache pale. Ni kazi ngumu isiyolipa vizuri, na kwa miaka mingi imekosa watu. Sheria ya Desemba 2023 imeanza kuinua hadhi na cheo chake. Meya anaweza kubadilika kila uchaguzi, katibu akabaki miaka ishirini. Msalimie kwa heshima, usimfikie dakika tano kabla ya kufunga, na jifunze jina lake kabla ya la mtu mwingine yeyote.

Kuhusu fedha. Hakuna sefu kijijini. Meya anaidhinisha malipo kwa saini, lakini anayelipa ni mhasibu wa Hazina ya serikali, aliyeko mjini. Meya hashiki noti hata moja, na utaratibu huo umewaepusha mameya wengi na majaribu na maneno ya watu. Bajeti lazima isawazishwe, mapato na matumizi, na inapitishwa kabla ya tarehe 15 Aprili, au 30 Aprili mwaka wa uchaguzi. Isipopitishwa, prefekti anaipeleka kwenye mahakama ya kanda (eneo la mikoa kadhaa) ya ukaguzi wa hesabu. Zamani, kabla ya sheria ya tarehe 2 Machi 1982, prefekti alikuwa na mkono mrefu zaidi: maamuzi mengi ya kijiji yalisubiri baraka zake. Leo anakagua baadaye tu kama sheria imefuatwa, na asiporidhika anakwenda mahakamani.

Mapato yanatoka sehemu mbili kuu: ruzuku ya serikali kuu na kodi ya majengo na ardhi, ambayo mtailipa kila mwaka kama wenye nyumba. Ile kodi nyingine ya mkaaji wa nyumba ilifutwa kwa makazi ya kudumu. Tangu 2023 wanaoilipa ni wenye nyumba za likizo. Kwa vijiji lilikuwa pigo la ndani kabisa. Serikali ilifidia fedha, lakini mpangaji asiyelipa chochote kwa komuni haoni tena uhusiano kati ya mfuko wake na taa ya barabarani.

Mtihani wa fedha utauona kwenye paa la kanisa. Makanisa yaliyokuwapo kabla ya sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na dola ni mali ya komuni. Watu 80, wengi wao hawasali tena, wanamiliki jengo lenye mnara na kengele na vigae maelfu. Paa likivuja, meya anaandika maombi ya ruzuku kwa serikali kuu, kwa baraza la mkoa na popote pengine. Hata akifanikiwa kila mahali, kwa kawaida komuni lazima itoe asilimia 20 kutoka mfukoni mwake. Na fundi anadai malipo sasa, ilhali ruzuku na marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani huja nyuma, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili. Ndiyo maana utasikia wamejadili paa lilelile miaka na miaka. Usiseme ni wavivu.

Kuni ni habari nzuri zaidi, na huko kwenu ni utamaduni hasa. Komuni nyingi za Haute-Saône zinamiliki msitu, mialoni na miti mingine migumu, unaosimamiwa na shirika la taifa la misitu. Kila mwaka madiwani wanapitisha azimio: miti hii mikubwa iuzwe kwa faida ya komuni, na hii midogo pamoja na matawi igawiwe wakazi kwa ajili ya moto. Mgawanyo mara nyingi ni kwa kaya, si kwa wingi wa watu. Unajiandikisha kwa katibu kabla orodha haijafungwa, unalipa ada ambayo ni ndogo ukilinganisha na bei ya dukani, kisha siku iliyopangwa mnakutana na mafungu yanapigiwa kura. Unachomoa namba, na namba hiyo utaikuta imepakwa rangi kwenye gome la mti msituni. Fungu lako unalikata mwenyewe kwa msumeno wa injini na kulitoa kabla ya tarehe ya mwisho; ukichelewa unaweza kulipoteza. Wakazi watatu wanasimama kama wadhamini wa kazi nzima. Sharti ni kuwa na makazi ya kweli kijijini, na kuni hizo hairuhusiwi kuziuza. Mwambie mume wako asiende kukata peke yake kwa niaba yako, mwende wote. Siku ya kupiga kura ya mafungu ndiyo siku nzuri ya kujulikana kuliko sherehe yoyote ya ukumbini: watu wako msituni, wanasaidiana kuburura magogo, wanazungumza.

Njia yenu ya matope inahitaji swali moja kabla ya lalamiko: njia hiyo ni ya nani? Ikiwa imeandikwa kwenye orodha ya barabara za komuni, matengenezo yake ni wajibu wa kisheria na unaweza kudai. Ikiwa ni njia ya shamba inayomilikiwa na komuni lakini haimo kwenye orodha ile, hakuna wajibu wa moja kwa moja, na mameya wengi huogopa kumwaga hata lori moja la kokoto kwa sababu wakianza kutengeneza wanaweza kubebeshwa dhamana baadaye. Ikiwa ni ya mtu binafsi, meya hana cha kufanya. Basi muombe katibu akuonyeshe orodha na ramani ya viwanja. Kama ni njia ya shamba, sheria ya Februari 2022 inaruhusu chama cha wakazi kuingia mkataba na komuni na kuitunza wenyewe. Msikae mkisubiri.

Taka na mipango ya maendeleo ya eneo zima viko mbali na meya wako, usimsumbue navyo. Hivyo viko kwa jumuiya ya komuni, muungano ambao kila kijiji kinalazimika kuwamo, na ambao sheria ya Agosti 2015 iliutaka uwe na watu wasiopungua 15,000, isipokuwa maeneo machache kama ya milimani. Kijiji chenu kina kiti kimoja pale, mbele ya mji wenye viti vingi. Hapa ndipo ninapoona hatari ya kweli kwa vijiji, kubwa kuliko kuunganishwa: madaraka yanahama polepole, kibao kinabaki mlangoni. Maji ndiyo yaliyowasha moto zaidi. Vijiji vilikuwa vilazimike kukabidhi maji yao kwa jumuiya ifikapo 2026. Vilipinga kwa miaka, na sheria ya Aprili 2025 ikafuta ulazima huo kwa ambavyo havijakabidhi. Ukinywa maji ya chemchemi ya kijiji chako, ujue kuna watu walipigana ili ufunguo ubaki hapo.

Na meya mwenyewe analipwa na nani? Komuni ndiyo inayompa posho, na kwa komuni ya chini ya watu 500 ni euro elfu moja na ushei kwa mwezi kabla ya makato. Wapo wanaochukua pungufu ili kuikoa bajeti. Kwa posho hiyo simu yake haizimwi. Mti ukianguka usiku, anaamshwa. Mtu akifa nyumbani, yeye ndiye anayeandika. Tarehe 5 Agosti 2019, Jean-Mathieu Michel, meya wa Signes kusini mwa nchi, alikufa baada ya kugongwa na gari la watu aliowazuia kutupa kifusi kandokando ya barabara. Nchi nzima ilisimama. Sheria ya Desemba mwaka uleule iliongeza posho za mameya wa vijiji na kuwapa uwezo wa kutoza faini hadi euro 500 kwa makosa kadhaa. Hata hivyo wengi wamejiuzulu tangu hapo, wamechoka na makaratasi na matusi. Ukimkuta wako amenuna, mpe nafasi.

Ana pia nguvu moja ambayo watu wa mijini huisahau. Anayetaka kugombea urais wa Ufaransa lazima apate saini 500 za viongozi waliochaguliwa, kutoka mikoa isiyopungua 30. Saini ya meya wa watu 80 ina uzito uleule wa saini ya meya wa Paris. Kila uchaguzi wa rais unapokaribia, simu zinaanza kulia katika vijiji ambavyo hakuna mwanasiasa aliyewahi kuvitaja, na tangu 2017 majina yote ya waliosaini yanachapishwa, hivyo majirani watajua. Maseneta nao huchaguliwa na wajumbe wa komuni; kijiji chenu kinatoa mjumbe mmoja.

Wewe sasa. Raia wa Umoja wa Ulaya anaweza kupiga kura na hata kuwa diwani, ingawa hawezi kuwa meya wala naibu. Kwa pasipoti ya Tanzania huna kura kabisa katika uchaguzi wa komuni. Naliona ni pengo, lakini ndiyo sheria. Ukishafikisha miaka minne ya ndoa, masharti mengine yakitimia, unaweza kuomba uraia kupitia ndoa, na siku utakapoupata unaweza kugombea kama mwingine yeyote. Hadi hapo, mlango mmoja uko wazi kwa kila mtu bila kujali uraia: kuomba kuona au kunakili maazimio ya madiwani, bajeti na hesabu za komuni. Huhitaji kueleza sababu. Na kijiji kidogo kina kazi nyingi zisizoulizia pasipoti: kamati ya sherehe, usafi wa makaburi, kumpeleka mzee hospitali. Kuanzia tarehe 11 Novemba ya kwanza utakayokuwa pale, siku ya kukumbuka mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, simama nao kwenye mnara wa waliokufa vitani. Hesabu majina ya 1914 hadi 1918, linganisha na idadi ya nyumba, utaelewa mengi kuhusu ukimya wa kijiji hicho.

Mama yako. Viza yenyewe inaombwa ubalozini, na vibali vya kuishi ni vya prefekti mjini Vesoul. Usimwombe meya hivyo. Lakini kwa ziara ya chini ya miezi mitatu, mwenyeji lazima apate hati ya kumkaribisha mgeni, na hati hiyo inatolewa na meya wa mahali mnapoishi. Anayeiomba aende mwenyewe na kitambulisho au kibali chake cha kuishi, uthibitisho kwamba nyumba ni yenu, vielelezo vya kipato, na stempu ya serikali ambayo haitarudishwa hata ombi likikataliwa. Fomu hujazwa palepale ofisini na kutiwa saini mbele yao. Meya anaweza kutaka kuhakikisha nyumba inafaa kumpokea mgeni, kwa hiyo chumba cha mama kiwe tayari. Katika kijiji chenu huenda ikawa hati ya kwanza ya namna hiyo kuandikwa kwa miaka, na katibu atahitaji muda wa kutafuta utaratibu. Mpigie kabla, uliza karatasi gani anazitaka hasa, na uende miezi mitatu au minne kabla ya safari. Ukipata hati halisi yenye muhuri, mtumie mama kwa njia ya uhakika, kwa kuwa atadaiwa hati hiyo ubalozini na huenda akaulizwa tena uwanja wa ndege.